Naogopa Lakini Kitabu Sifungi: Maswali Yenu Kuhusu Riwaya za Distopia

Toleo lililopita nilitaja mara moja tu, tena pembeni, kwamba mimi ni mlevi wa riwaya za distopia, zile za taharuki, dunia ya baadaye imeshaharibika, watu wanachungwa, kuna mmoja anakimbia. Mistari miwili tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri ananiangalia vibaya, kwa hiyo leo safu nzima ni hiyo na wale mlioniuliza mambo ya mashairi mtanivumilia.

Dada shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazini kwangu ni stresi tupu. Mtu angetegemea nikifika kitandani nisome vitu vya mapenzi nicheke nilale, ila mimi nasoma serikali zinazopokonya watu watoto, watu wanaofutwa majina, miji imefungwa mageti, na nikianza naenda mpaka saa nane usiku. Mume wangu ananiuliza we una matatizo gani, si uangalie tu taarifa ya habari maana ni yale yale. Sina jibu la kumpa. Hivi nina matatizo? (Mama Halali)

Marahaba mama. Matatizo huna, au kama unayo basi tuko wengi na tungeweza kukodi basi.

Mumeo ana nusu ya hoja. Ni yale yale kweli, ila hayaji kwa njia ile ile. Taarifa ya habari inakupa balaa moja, inakupa lingine, inakupa michezo, inakuaga usiku mwema. Hakuna mtu unayemfuata kuanzia siku alipogundua mpaka siku alipotoroka au alipokamatwa. Unabaki na hofu haina sura, hujui inakaa wapi, huwezi hata kuigombeza, unalala nayo tu. Riwaya ya distopia inaichukua hofu ile ile inaipa sura, inaipa sare na ofisi na mlango wa chuma na mtu mmoja mpole sana mwenye faili lako mezani. Sasa angalau unajua unamwogopa nani. Na ukichoka unafunga kitabu unaenda kunywa maji, kitu ambacho wasiwasi wa kazini haukupi nafasi ya kukifanya.

Afu kuna jambo naona watu wanalikosea kila siku wakizielezea hizi riwaya, wanasema eti tunapenda kuiona dunia imeharibika. Mi nakataa. Uharibifu wenyewe unachosha haraka. Majengo yameanguka, sawa. Moshi, sawa. Nipe kurasa kumi za moshi uone kama sijalala. Kinachotushika ni kanuni. Distopia iliyokaa vizuri ina kanuni moja ndogo, mara nyingi ya kipuuzi, ambayo kila mtu anaifuata mpaka wameacha kuiona, halafu kuna mtu mmoja ambaye siku moja, labda hata bila kupanga, hakuifuata. Chukua ile ya George Orwell ya mwaka 1949 ambayo jina lake ni mwaka 1984. Inaanza na nini? Mzee wa miaka 39 anafungua daftari anaandika tarehe. Basi. Hajaua, hajaiba, hajamtukana mkubwa, ameandika tarehe, na wewe roho iko juu juu tayari, kwa sababu umeshaambiwa kwamba akikamatwa na hilo daftari ni kifo au miaka 25 ya kambi ya kazi. (Nimemwita mzee wa miaka 39 na mimi mwenyewe nimeshaipita hiyo, tuendelee.)

Hapo ndo distopia na thrila, yaani riwaya ya kusisimua, wanapooana. Thrila ya kawaida inabidi ihangaike kutafuta bomu, almasi, jasusi mwenye pasipoti tatu. Kwenye distopia mwandishi hahitaji bomu, penseli inatosha, picha ya marehemu bibi inatosha, mtoto aliyezaliwa bila kibali anatosha kabisa. Mambo unayoyafanya wewe kila siku bila kuwaza yamegeuzwa makosa, kwa hiyo watu wawili wakikaa tu wanaongea habari za hali ya hewa bado kuna taharuki, maana unajiuliza huyu jirani ni jirani au ni sikio la wakubwa, na kwa nini ameuliza mara mbili kuhusu yule mgeni wa jana. Ndo maana hata mtu ambaye hasomi bunilizi za kisayansi, ambaye ukimtajia roketi anakimbia, anaimaliza distopia kwa siku mbili. Haimtaki ajue fizikia. Inamtaka ajue tu kuficha kitu, na kila mtu ameshawahi kuficha kitu.

Na chini ya yote kuna lile swali ambalo msomaji hamwambii mtu: ningekuwa mimi je? Wengi tunajipa jibu zuri, kwamba tungesimama, tungepinga, tungewaficha watoto wa watu darini. Mi nilikuwa najipa jibu hilo hilo. Baada ya miaka ya kusoma hivi vitu nimeanza kujijua, na naogopa kwamba ningekuwa yule jirani anayefunga dirisha akisikia kelele. Hilo halinifurahishi hata kidogo, lakini hakuna aina nyingine ya riwaya iliyowahi kunikamata nikijidanganya namna hiyo, na nadhani ndo sababu nairudia. Usiku wa saa nane mama, we hujifurahishi na mateso ya watu, unajipima.

Kama mumeo anataka kusikia kitu cha kitaalamu basi mwambie hivi: Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2021, waliwauliza watu kuhusu aina za filamu wanazopenda na jinsi walivyoupokea mwanzo wa korona. Wapenzi wa zile za mwisho wa dunia, mazombi, uvamizi na kadhalika, walijieleza kwamba wamehimili vizuri zaidi na walijikuta wamejiandaa zaidi kuliko wengine. Ulikuwa utafiti wa kuulizana maswali, watu wenyewe wanajieleza, na ulihusu filamu zaidi ya vitabu, kwa hiyo usiende nao kama hati ya mahakama. Inawezekana pia watu wagumu ndo wanaopenda hizo filamu toka mwanzo. Lakini angalau unaonyesha kwamba kuzipenda siyo dalili ya ugonjwa.

Kuhusu usingizi sasa, hili ni la bure. Usisimame mwisho wa sura. Mwandishi wa taharuki ameiweka ndoano pale pale kwenye mstari wa mwisho, ndo kazi yake, analipwa kwa hilo. Simama katikati ya sura, pale wanapotembea au wanakula. Mimi limeniokoa sana, ingawa jana nimelala saa tisa.

We dada, hawa waandishi ni manabii au kuna watu wanawapa siri? Maana ukisoma vitu vya miaka ya nyuma unakuta kamera kila mahali, watu hawasomi, mioto, magonjwa, yote wameyasema. Mimi naamini kuna kitu tunafichwa. (Mdadisi)

Mdadisi ndugu yangu, hakuna siri, kuna kuangalia tu, na kuangalia ni kazi ngumu kuliko unabii.

Octavia Butler, Mmarekani, mwaka 1993 alitoa riwaya inayoanza Julai 2024. Humo kuna ukame, mioto, maji yamekuwa ghali, watu wanaishi nyuma ya kuta za mitaa yao wakiogopa walio nje. Ilipofika hiyo 2024 yenyewe watu wakaichomoa kwenye makabati wakaanza kushika vichwa. Lakini mwenyewe alikuwa ameshaeleza zamani jinsi alivyofanya: matatizo hakuyabuni, aliyachukua yale ambayo watu walikuwa wanayapuuza wakati ule akayapa kama miaka 30 ya kukua. Basi, hesabu ya darasa la tatu. Nikikupa jino bovu na miaka 30 na wewe utatabiri.

Margaret Atwood naye, yule Mkanada wa ile riwaya ya 1985 ya wanawake wanaolazimishwa kuzalia wakubwa, alijiwekea sharti kwamba hataweka humo jambo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulifanya mahali fulani, wakati fulani. Ukijua hilo, ukiisoma tena inakuwa mbaya zaidi. Unaacha kujiuliza "hivi inaweza kutokea?" unaanza kujiuliza "hii walimfanyia nani?"

Na wanasomana pia, hilo msilisahau. Mrusi mmoja, Yevgeny Zamyatin, aliandika mwaka 1920 na 1921 riwaya ya taifa ambalo watu wana namba badala ya majina na kuta za nyumba ni za vioo. Kwao ilizuiwa, ikatoka kwanza kwa Kiingereza kule New York mwaka 1924, wenyewe Wasovieti hawakuichapisha nchini mpaka 1988. Orwell aliisoma akaiandikia uhakiki mwaka 1946, miaka mitatu kabla ya kutoa ya kwake. Sisemi ameiba, nasema alikuwa na jirani mzuri.

Halafu tukubali, wanapokosea tunanyamaza. Ukitabiri mambo 40 na manne yakatokea, watu watayakumbuka hayo manne na kukuita nabii. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume, siyo kitabu kinachoijua dunia, ni dunia inayokikumbuka kitabu. Januari 2017 msaidizi mmoja wa rais wa Marekani alisema kwenye televisheni maneno ya "ukweli mbadala", na ndani ya siku chache kitabu cha Orwell chenye umri wa karibu miaka 70 kilikuwa namba moja kwa mauzo kwenye duka la mtandaoni la Amazon. Watu walihitaji neno la kuitia hali waliyokuwa wanaihisi, wakaenda kulichukua lilipokuwa limehifadhiwa.

Habari dada. Binti yangu ana miaka 14, zamani alikuwa anasoma hadithi za kawaida, sasa ni watoto wanaouana uwanjani, watoto wanaogawanywa makundi, waasi, mapinduzi. Nimkataze? Baba yake anasema tutafuga gaidi ndani. (Mzazi)

Usimkataze, ukimkataza utakuwa umemwandikia sura ya kwanza.

Fikiria maisha ya mtoto wa umri huo. Kengele inamwambia aamke, kengele inamwambia ale, anavaa sare, anapangwa kwa alama zake na orodha inabandikwa ukutani, na watu wakubwa wanaamua mambo makubwa ya maisha yake kwenye kikao asichoalikwa. Halafu unamshangaa anapoelewa haraka riwaya ambayo wakubwa wanawapanga watoto? Kwake hiyo ni habari ya Jumatatu tu, imeongezwa chumvi. Suzanne Collins, aliyeandika ile ya 2008 ya uwanjani unayoisema, alieleza kwamba wazo lilimjia usiku anabadilisha chaneli, huku vijana wanashindana kwenye kipindi cha televisheni, kule vijana wako vitani, mpaka akili ikaanza kuchanganya vile vitu viwili. Sasa mtoto wako anakaa na simu yenye vitu hivyo hivyo viwili kwa kidole kimoja, na huko hakuna mwandishi aliyemwambia kwamba kuna kitu hakiko sawa hapo. Kitabu kimemwambia.

Lakini baba yake nisimcheke kabisa, maana kuna jambo ndani ya maneno yake. Watafiti wawili, Calvert Jones na Celia Paris, walifanya majaribio matatu, wakayachapisha 2018, wakawapa watu vipande vya distopia za vijana, za kusoma na za kuangalia, wakakuta waliopewa walikuwa wepesi zaidi kukubali kwamba kuna wakati hatua kali dhidi ya dhuluma, hata za nguvu, zina haki. Na siyo kwa sababu ya ngumi na damu tu, maana walilinganisha na filamu ya magari ya kasi yenye fujo zake na hiyo haikuleta matokeo yale. Yaani hadithi ikiwa na dhuluma, mtu anatoka nayo kitu. Cha ajabu imani yao kwa taasisi za serikali haikushuka. Kwa hiyo hazimfanyi mtoto achukie serikali, zinamfundisha tu kwamba kuvumilia kuna mpaka, na huo mpaka uko wapi ndo mazungumzo ya mzazi na mtoto. Kaisome ya kwake, hata nusu, halafu muulize: yule kiongozi wa waasi na yeye unamwamini? Kwenye nyingi za hizo riwaya, zile nzuri, jibu siyo rahisi, na hapo ndo utajua kama mtoto anasoma au anakimbizana na mishale tu.

Miaka 14 sawa. Angekuwa na tisa ningekujibu tofauti.

Swali fupi tu, distopia na hadithi za mwisho wa dunia si kitu kimoja? (bila jina)

Hapana. Kwenye mwisho wa dunia hakuna tena anayeendesha mambo. Kwenye distopia yupo, na anaendesha vizuri sana, taa zinawaka na foleni imenyooka, tatizo ni bei yake. Neno lenyewe ni mgongo wa utopia, ambayo Thomas More aliitunga 1516 kutoka Kigiriki akicheza na maana mbili, mahali pazuri na mahali pasipokuwepo. Upande wa pili, yaani distopia, ulichelewa kupata umaarufu, mwanafalsafa John Stuart Mill alipowaita watu "wadistopia" bungeni Uingereza mwaka 1868, akibishana kuhusu ardhi ya Ireland, ilikuwa bado inasikika kama tusi alilolibuni papo hapo.

Na kwa wanaoniandikia kila siku kwamba haya mambo Kiswahili hayamo, tafuteni Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Ile inakwenda njia ya kinyume, inakuonyesha jamii iliyonyooka mpaka unaanza kuona aibu ya ile uliyotoka. Halafu lisome jina lake polepole: wale ni sisi. Sijawahi kuona maneno matatu yanayoieleza vizuri zaidi hii familia nzima ya vitabu.

Dada mimi ni mwandishi chipukizi. Nina riwaya yangu ya distopia, nimeshaandika kurasa 60 za kuelezea dunia yenyewe, vita vilivyotokea, katiba mpya, ramani, aina za silaha, tabaka saba za watu. Nikiwapa marafiki wanasema ni nzuri ila hawamalizi. Nakosea wapi? (Kalamu)

Kalamu, hukukosea kuziandika, umekosea kuwapa watu wazisome.

Kurasa 60 hizo ni msingi wa nyumba na msingi unafukiwa. Nimekwambia mapema kwa Mama Halali kinachoshika ni kanuni moja na mtu mmoja. Kwenye tabaka zako saba chagua tabaka moja, kwenye katiba chagua kifungu kimoja, kile cha kipuuzi kuliko vyote, halafu tafuta mtu ambaye kifungu hicho kinamuumiza asubuhi ya leo. Tuseme kwako ni marufuku kupiga mluzi. Usinielezee kwa nini. Nionyeshe mwanamke anafua nguo, hajijui, anaanza kupiga mluzi, mtoto wake wa miaka mitano anamziba mdomo kwa mkono. Nimeshaogopa, na nimejua kwamba hata watoto wanajua, na nimejua kwamba kuna anayesikiliza, na sijasoma ramani hata moja. Sababu ya marufuku nitaitafuta mwenyewe, nitafungua ukurasa wa pili kwa ajili hiyo, na hiyo ndo taharuki, msomaji anakudai na wewe hulipi haraka.

Kitu kingine, mpe yule mbaya wako hoja. Mkubwa anayecheka ha ha ha na kupiga meza hatishi mtu. Anayetisha ni yule anayekwambia tumeondoa njaa, tumeondoa wizi, tulichowaomba ni mluzi tu, na wewe msomaji kwa sekunde mbili unaitikia kwa kichwa kwamba jamani ni kweli. Hizo sekunde mbili zitafute kwa nguvu zote.

Na usiseme huna muda au mashine, maana najua ndo barua yako ijayo. Ray Bradbury, yule wa riwaya ya 1953 ya kikosi kinachochoma vitabu, aliandika toleo lake la kwanza lililokuwa fupi akiwa chini kabisa kwenye maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, ambako taipureta zilikuwa zinakodishwa senti 10 kwa nusu saa. Alitumia dola 9 na senti 80. Piga hesabu, ni saa 49. Mtu anaandika habari za kuchoma vitabu, sakafu ya juu yake kuna maelfu ya vitabu, na pesa inahesabika kila akisita. Sijui kama angeandika kurasa 60 za ramani.

Nitumie ukurasa wa mluzi ukiwa tayari. Mmoja tu, tafadhali.